Majina ya Ukurasa wa Mwisho

Pantaleo alikuwa na desturi moja ambayo Bwana Ferris hakuielewa, na kwa kuwa hakuielewa aliiita usafi. Kila kazi ya kuchapa ilipofika ukurasa wa mwisho, ule wenye majina, Pantaleo aliinuka, akaenda kwenye pipa la maji nje ya ofisi, akanawa mikono mpaka viwikoni, akarudi, akavua kofia na kuiweka gotini. Ndipo alipoanza kugonga herufi za taipu, moja moja, kwa unyenyekevu wa mtu aliyeingia nyumba yenye msiba. Bwana Ferris alijigamba kwa wenzake kwamba amepata karani msafi kuliko wote wa Jimbo la Ziwa. Maskini Bwana Ferris, hakujua kwamba karani wake yuko matangani.

Kambi yenyewe ilikuwa ndogo, vibanda vichache vya nyasi na kimoja cha bati, porini upande wa machweo wa mji wa Shinyanga, miaka ile ya thelathini ambapo kila mtu alizungumza habari za mbung'o, nzige na dhahabu. Bwana Ferris hakushughulika na hata moja kati ya hizo. Yeye alikuwa mtu wa majani. Aliyang'oa pamoja na mizizi, akayakandamiza katikati ya magazeti makuukuu, akayapa majina marefu yasiyotamkika, kisha akaandika makala ya kupelekwa Ulaya kwa meli. Wenyeji walimwita Bwana Nyasi, naye alilipenda jina hilo hata akalitumia kama sahihi siku moja kwa mzaha.

Ukurasa wa mwisho wa kila makala ulikuwa na orodha ambayo wasomi wa leo huiita marejeo. Siku ya kwanza Bwana Ferris alimwekea Pantaleo karatasi ya mfano na kumwelekeza kwa kidole: jina la ukoo kwanza, kisha mkato, kisha herufi ya kwanza ya jina la mtu mwenyewe, kisha nukta, kisha mwaka, kisha maneno fulani yenye mstari chini yake, na mwisho kabisa jina la mji. Mkato ukikosekana, karatasi inarudi. Nukta ikikaa pasipo pake, karatasi inarudi. Pantaleo aliitazama karatasi ile na damu ikamsisimka, maana alikuwa anaijua. Alikwisha kuandika namna hiyo hiyo mara nyingi mno, kwa rangi nyeusi, juu ya mbao.

Hapo lazima nirudi nyuma kidogo. Pantaleo alizaliwa kwenye mbuga za Usukuma, mtoto wa mwanamke aliyeitwa Limi, akasoma misheni mpaka mwandiko wake ukawa mzuri kuliko wa mwalimu wake. Alipokuwa kijana aliondoka na wenzake kwenda upande wa Geita, kwenye kambi moja ya dhahabu, akaajiriwa kugawa sululu na taa asubuhi na kuzipokea jioni. Mashimo ya siku zile hayakuwa na nguzo za kutosha. Yakaporomoka. Na kwa sababu kambi nzima hapakuwa na mtu mwenye mwandiko kama wake, Pantaleo akapewa kazi ya misalaba. Msimamizi alikuwa na utaratibu wake, wala hakutaka ubishi juu yake: jina la ukoo kwanza, mkato, herufi ya jina la marehemu, mwaka, na chini yake mahali alipolala. Pantaleo aliandika Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa na Mzungu mmoja, wote kwa mtindo ule ule. Siku alipomwandika kijana aliyekuwa akilala naye kibanda kimoja, aliosha burashi, akafunga mzigo wake, akarudi Shinyanga kwa miguu.

Sasa mtu wa namna hiyo unamwekea mbele jina la ukoo, mkato, herufi, mwaka, na mwisho London. Afikiri nini? Alifikiri alichofikiri. Hawa ni wafu wa Bwana Ferris. Mwaka ni mwaka waliofariki, mji ni mji waliozikwa, na yale maneno yenye mstari chini yake ni kile walichowaachia watoto wao. Kiingereza chake kilikuwa cha macho na vidole. Alinakili herufi bila kosa huku nusu ya maana ikimpita. Hata hivyo alijaribu kuuliza, mara moja tu, na kwa adabu. Bwana Ferris akamjibu, kwa Kiswahili chake cha kuunga, kwamba bila watu wale yeye si kitu, na kwamba mtu yeyote anayefanya kazi hii na asiwataje ni mwizi. Pantaleo aliitikia kwa kichwa. Kwao pia mtu hajengi wala hasafiri bila kuwataja wazee wake waliolala. Hakuuliza tena, kwa kuwa mwenye adabu hamdadisi mtu juu ya makaburi yake.

Palikuwa na mambo ya kumtatiza, sikatai. Mtu mmoja alionekana mara mbili, miaka tofauti. Pantaleo akasema moyoni kwamba huyo wa pili ni mjukuu aliyerithi jina, kama ilivyo desturi. Bwana Ferris mwenyewe hakujiandika humo hata siku moja, na hilo lilikuwa wazi: nani anajiandika? Lakini lililomgusa kuliko yote lilikuwa la mtu aitwaye Tarrant. Huyo aliandikwa 1929a, na chini yake mara moja, Tarrant yule yule, 1929b. Pantaleo aliduwaa mbele ya mashine. Mapacha. Kulwa na Doto, wamekufa mwaka mmoja, wamezikwa mji mmoja. Alifikiri juu ya mama yao siku nzima na chakula hakikumpita.

Jumapili alipokwenda kumsalimu mama yake alimhadithia, na Limi akaacha kupura mtama ili asikilize vizuri. Alishangaa kweli. Siku zote alidhani Wazungu huwaacha wafu wao huko huko walikofia. Kumbe Bwana Nyasi anawaita kwa majina, mwishoni mwa kila kazi, hata watoto pacha wa watu. Limi akasema mtu kama huyo anaweza kuambiwa jambo.

Na jambo alikuwa nalo. Limi alikuwa mtoto wa Bujiku, mfugaji ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo Limi ndiye aliyechunga ng'ombe tangu akiwa mdogo, akajifunza ngitili kwa baba yake. Ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua, asiingie mnyama, ili kiangazi kikibana pawe na majani makavu ya kuwaokoa ng'ombe. Bujiku alijua nyasi gani ikichanua ndipo unafunga, na nyasi gani ikilala ndipo unafungua. Kila mwisho wa kiangazi alikuwa akiichoma ngitili yake moto, akiamini kwamba moto ndio huleta majani laini. Limi hakukubali. Alikwisha kuona kwamba pale moto usipofika, majani hurudi mapema na mengi zaidi. Baba na binti walibishana juu ya moto huo miaka mingi, na hawakuwahi kupatana, mpaka ile homa kubwa iliyokuja baada ya vita vya Wajerumani ikamchukua Bujiku mwaka 1919. Baada ya hapo Limi hakuchoma tena, na ng'ombe wake walivuka kila kiangazi.

Bwana Ferris alipolisikia hilo kwa Pantaleo alikwenda kijijini mwenyewe, akakaa kwenye kigoda siku kadhaa, Limi akieleza kwa Kisukuma na Pantaleo akitafsiri. Limi alikuwa mwangalifu kuliko hakimu. Kila jambo alilitaja lilikotoka. Na siku ya mwisho, Bwana Ferris alipokwisha kufunga daftari lake, Limi alimwambia mwanawe amfikishie neno moja.

"Mwambie ya baba ni ya baba, na yangu ni yangu. Asituchanganye."

Pantaleo alitafsiri. Bwana Ferris akaapa kwamba hatawachanganya.

Makala ikaandikwa. Pantaleo aliichapa kwa fahari ya mtoto anayemwona mama yake akialikwa barazani. Akafika ukurasa wa mwisho. Akanawa, akavua kofia, akaanza kunakili mwandiko wa Bwana Ferris. Alijua kwamba safari hii babu yake atakuwemo na alikuwa anamngojea kwa furaha. Chini ya herufi B akakuta mstari ambao kwa Kiswahili chetu ungesomeka hivi: Bujiku, Limi binti. 1936. Maelezo kwa mdomo juu ya ngitili. Shinyanga.

Alisoma tena. Mwaka ulikuwa 1936, na huo huo ndio mwaka uliokuwa ukutani, kwenye kalenda ya duka la Mhindi. Mji ulikuwa Shinyanga. Jina lilikuwa la mama yake.

Mtu huyu amemzika mama yangu, alisema Pantaleo kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu. Hakuaga. Alitoka ofisini bila kofia, akashika njia ya kijijini, mwendo wa asubuhi nzima ambao yeye aliumaliza jua likiwa bado halijafika kichwani. Njia nzima alikuwa anasikiliza kama kuna kilio. Alimkuta Limi amekaa kivulini mwa ghala, anasaga ugoro wa tumbaku ya Ushetu, mzima kama kinu.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia, akihema.

Limi aliitikia, akamtazama miguu yake iliyojaa vumbi, akamwuliza anakimbizwa na nani. Pantaleo akasema hakimbizwi na mtu, amekuja kumwamkia tu. Akanywa maziwa aliyopewa bila kuyasikia ladha, akarudi njia ile ile. Angemwambia nini? Kwamba ameandikwa miongoni mwa wafu na mwaka umekwisha kutajwa?

Aliporudi alikuwa amekata shauri. Bwana Ferris hakuwa mtu mbaya, alifikiri, ila amekosea, au ameona ndotoni jambo ambalo hakupaswa kuliandika. Vyovyote iwavyo, mstari ule hautagongwa na mkono wake. Akakaa. Mahali pa mama yake akamweka mwenye kustahili kuwepo, marehemu wa kweli, mwenye kaburi la kweli: Bujiku. 1919. Ngitili. Shinyanga. Kisha akapitia kurasa zote za nyuma, na kila palipoandikwa jina la Bujiku na mwaka 1936, akabadilisha mwaka. Bwana Ferris alikuwa anafunga mizigo ya safari ya Tabora. Alitia sahihi amesimama, akaingiza makala kwenye bahasha bila kuisoma, akampongeza karani wake kwa usafi.

Miezi iliyobaki ya mwaka huo Pantaleo aliishi roho juu. Kila mjumbe aliyetoka kijijini alimpasua moyo. Lakini mwaka 1936 uliisha, na Limi alikuwa bado anapura mtama wake na kuwagombeza majirani wanaochoma moto. Pantaleo alimshukuru Mungu, kisha, kwa siri sana, alijishukuru na yeye. Aliamini kabisa kwamba mkono wake ndio uliomwokoa mama yake. Wala simcheki. Mimi nisingejua zaidi ya yeye.

Kiangazi kilichofuata Bwana Ferris alimtuma na lori stesheni ya Shinyanga kumpokea mgeni kutoka Ulaya. Alimwambia ni mzee mmoja msomi, mwenye ndevu nyeupe, anayejua Kiswahili cha pwani kwa kuwa aliwahi kukaa huko zamani. Jina hakumtajia. Treni ilifika, mzee akashuka na sanduku lake, akampa Pantaleo mkono kwa uchangamfu.

"Mimi ni Tarrant," alisema.

Pantaleo hakuuachia ule mkono, kwa sababu hakuweza. Macho yalimshuka yenyewe mpaka kwenye viatu vya yule mzee, aone kama vinagusa ardhi. Vilikuwa vinagusa, tena kimoja kilikuwa kimelegea kamba. Mkono ulikuwa wa moto na una jasho kama mkono wa mtu yeyote aliyetoka kwenye behewa. Miaka yote hiyo alikuwa amemvulia kofia mtu huyu. Alikuwa amemsikitikia mama wa mapacha hao.

"Samahani, Bwana," aliuliza mwishowe, na sauti ilikuwa ndogo. "Wewe una pacha?"

Mzee alisema hana.

"Basi yule mwingine, wa 1929 ya pili, ni nani?"

"Ni mimi vile vile. Mwaka ule niliandika vitabu viwili."

Pantaleo alikaa chini, pale pale kwenye changarawe ya stesheni, abiria wakimpita. Mzee Tarrant alidhani ni jua, akamfunika kwa mwavuli. Walipokwisha kuingia kwenye lori Pantaleo alianza kuuliza, jina baada ya jina, kwa mpangilio wa alfabeti kwa kuwa ndivyo alivyowahifadhi kichwani. Huyu? Mzima, anafundisha, ana deni la mwavuli wangu. Na huyu? Mzima, ameoa juzi. Na huyu wa Leipzig? Huyo amekufa kweli, lakini si mwaka huo. Barabara nzima, kila dereva alipobadilisha gia, maiti mwingine alikuwa anafufuka, na Pantaleo alibaki ameshika ubao wa lori kwa mikono miwili. Mzee alimfafanulia kwa upole kwamba mwaka ni mwaka ambao mtu amesema neno lake, na mji ni mji ambako neno lake limechapwa. Linaandikwa ili msomaji amjue aliyelisema, na akitaka amfuate akamwulize.

Kisha mzee akaongeza jambo, na akalisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Alisema yeye mwenyewe amesafiri kwa ajili hiyo. Makala ya Ferris imewashangaza wengi, lakini wametafuta kitabu cha huyu Bujiku wa 1919 katika kila maktaba, hakipo. Wako wanaosema Ferris amembuni mtu. Naye amekuja kumwona Bujiku kwa macho yake, au kaburi lake, ili aokoe jina la rafiki yake.

Pantaleo aligeuza uso, akatazama njia mpaka kambini.

Bwana Ferris alipoulizwa habari za Bujiku wa 1919 alicheka kwanza, akasema hajamwandika mtu huyo. Mzee akatoa makala iliyochapwa, akamfungulia ukurasa wa mwisho. Bwana Ferris aliusoma, kicheko kikamtoka usoni, akawa mweupe kuliko karatasi. Wote wawili wakageuka kumtazama karani. Pantaleo alikuwa amesimama karibu na pipa la maji, na kwa mazoea alikuwa amekwisha kunawa mikono.

Aliwaeleza yote, tangu misalaba ya Geita. Bwana Ferris alisikiliza, na hasira iliyokuwa inampanda ilikosa mahali pa kusimama. Alikumbuka kofia iliyokaa gotini miaka yote. Alikaa kwenye kiti cha Pantaleo na kushika kichwa. Alisema amekuwa akisifu usafi, hakuwahi kuuliza. Kisha akasema kwamba yeye ataitwa mwongo Ulaya nzima, na hilo ataliandikia sahihisho. Lakini kwa mwanamke yule aliapa kwamba hatawachanganya, kwa hiyo Pantaleo akamwambie mwenyewe.

Wakaenda asubuhi yake kwa lori, Pantaleo na mzee Tarrant, maana mzee alikataa kubaki. Pantaleo alitarajia mama yake acheke. Aliisimulia hadithi upande wa kuchekesha kwanza, ya Kulwa na Doto mwenye ndevu, na Limi kweli alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kaniki. Akashangaa kwamba yule mzee ndiye mapacha. Kisha Pantaleo akafika kwenye mstari wa jina, na alivyouondoa, na alivyomweka Bujiku mahali pake.

Kicheko kilikatika. Limi aliuliza taratibu kama na habari ya moto imeandikwa.

Imeandikwa, Pantaleo alisema.

Na nani anasemekana ameukataza?

Pantaleo alitazama chini. Alikuwa hajalifikiria hilo hata mara moja. Siku ile mbele ya mashine alimwona mama yake tu na kaburi, hakuyaona maneno. Sasa aliyaona. Kila mahali kwenye makala ile Bujiku, aliyekufa ameshika kijinga cha moto mkononi, alikuwa anawaambia Wazungu kwamba ngitili isichomwe.

"Baba yangu hakusema hivyo," Limi alisema. "Alibishana na mimi mpaka homa ilipomfunga mdomo. Wewe umemfungua mdomo ukamtilia maneno yangu, naye hana wa kumkanushia. Nilikwambia asituchanganye. Sikujua wa kuambiwa ulikuwa wewe."

Pantaleo alisema alikuwa anaogopa asife.

"Na kwa kuogopa nisife umenifuta nikiwa hai," Limi alimjibu, na hapo Pantaleo akalia, mtu mzima, mbele ya mgeni.

Limi hakumbembeleza. Aliingia ndani, akatoka na unga wa mtama uliokorogwa kwa maji ndani ya kibuyu, akawatangulia mpaka kwenye kijumba cha mizimu nyuma ya zizi. Akampa Pantaleo kibuyu. Akamwambia aliyeandika ndiye afute. Padri angesikia angemnyima komunyo, lakini padri alikuwa mbali na mama alikuwa karibu. Pantaleo akamimina, akasema kwa sauti:

"Babu Bujiku, ni mimi Pantaleo wa Limi. Nimeandika kwamba ulikataza moto. Hukuukataza, uliupenda. Aliyeukataza ni Limi, na amesema mwaka jana kwa mdomo wake mwenyewe. Kufunga na kufungua ngitili ni kwako. Moto ni kwake. Aliyewachanganya ni mimi."

Mzee Tarrant hakuelewa Kisukuma, lakini alikuwa amekwisha kuvua kofia. Alipotafsiriwa maneno yale aliinamisha kichwa. Alisema ameandika masahihisho mengi maishani, na hakuna hata moja aliloliandika mbele ya aliowakosea.

Limi alitaka kujua kama na Wazungu wataambiwa hivyo hivyo. Akaambiwa sahihisho litachapwa kesho yake. Basi na mimi nitakuwepo, alisema, na hakuna aliyethubutu kumkatalia. Akapanda lori kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ameshika kibuyu chake, akikemea kila moshi wa moto alioupita mbugani.

Ofisini walimpa kiti cha Bwana Ferris. Pantaleo alitia karatasi kwenye mashine, akainuka kwenda kwenye pipa, akarudi na mikono inachuruzika, akavua kofia. Limi alimtazama akiiweka gotini.

"Vaa kofia yako," alimwambia. "Sijafa."

Akaivaa. Akagonga jina la ukoo, mkato, jina la mtu mwenyewe, nukta. Kwenye mwaka kidole kilisita, kikabaki juu ya herufi kama kimeshikwa na mtu. Ulikuwa 1936, mwaka aliokwisha kuukimbia. Bwana Ferris na mzee Tarrant waliona, wakajifanya hawaoni. Akaugonga. Akagonga maelezo kwa mdomo, akapiga mstari chini yake, akagonga Shinyanga, akaichomoa karatasi.

Limi, asiyejua kusoma, alitaka asikie kilichoandikwa. Pantaleo akasimama, akaishika karatasi kwa mikono miwili, akasoma kwa mpangilio ule ule aliofundishwa, jina la babu likitangulia.

"Bujiku," alisoma. "Limi binti."

Na Limi, kama binti yeyote anayesikia ameitwa kutoka nyumbani kwa baba yake, aliitika.

"Abee."